Angalia waleti kubwa kabla hujanunua meme koini

Kama unataka meme koini (sarafu ya kidijitali iliyoanza kama utani) ya kushika miaka, kopi anwani ya mkataba wake (mfululizo wa herufi na namba unaoitambulisha), ibandike kwenye tovuti ya Solscan (ikiwa ya Solana) au Etherscan (ikiwa ya Ethereum), fungua Holders (orodha ya wanaoishika) uone waleti 10 za juu zina asilimia ngapi ya koini zote. Usihesabu za eksichenji (masoko ya kripto) na ya likwiditi (koini zilizowekwa kwa ajili ya watu kununua na kuuza), zinazobaki ndo za watu, na zikiwa zimeshika kama nusu achana nayo kabisa maana wawili watatu wakiuza bei inaporomoka na we huna pa kutokea. Njia hii inafeli pale mtu mmoja akigawa koini zake kwenye waleti mia, orodha inaonekana safi kumbe ni yeye yule, hapo icheki Bubblemaps (tovuti inayochora waleti na miunganiko yake) uone waleti zinazotumiana koini. Dogecoin huikuti Solscan wala Etherscan, ina blokucheni (mtandao wa kumbukumbu za miamala) yake.