Tuendelee au tusimame? Jinsi ya kutengeneza skrini ya vihatarishi kwa mainjinia wa uchimbaji

Mwongozo huu ni wako wewe unayeandika programu ya kusimamia vihatarishi vya uchimbaji ukiwa Area D mjini Dodoma, kiyoyozi kinavuma, wakati rigi yenyewe, yaani mtambo wa kuchimba, iko Bahi juani. Nami nilianza hivyohivyo. Toleo langu la kwanza lilikuwa na jedwali la rangi, grafu za duara na menyu yenye vipengele 14. Mainjinia walilisifia kikaoni, wakarudi saiti, wakaendelea na madaftari yao.

Nitazungumzia visima virefu vya maji vinavyochimbwa kwa nyundo ya hewa, yaani nyundo inayopiga mwamba ndani ya shimo kwa nguvu ya hewa ya kompresa, maana ndivyo nilivyovifanyia kazi huku nyanda za kati. Anayewatengenezea wachimbaji wa gesi au madini atabadilisha majina ya hatari, ila mpangilio wa skrini hautakuwa mbali sana na huu.

Jambo moja kuhusu mwamba kabla hatujaanza. Sehemu kubwa ya Dodoma imekaa juu ya mawe magumu ya kale, graniti na jamaa zake. Maji yamejificha kwenye tabaka la mwamba uliolika na kwenye mipasuko. Unaweza kushuka mita 100 ukaambulia vumbi, na jirani yako hapo pembeni akapata maji. Juu udongo unaporomoka, katikati mwamba umelegea, chini ni mgumu na nyundo inaweza kunasa. Kila kina kina hatari zake, na hilo ndilo litakaloamua sura ya skrini yako.

Hatua ya 1: Nenda saiti, ukae kimya

Fika alfajiri, kabla kompresa haijawashwa, maana ikishawashwa hutasikia mtu. Acha kompyuta nyumbani, chukua daftari na kalamu. Usiulize "mngependa programu ifanye nini?" Ukiuliza hivyo utajibiwa kwa heshima, na majibu hayatakusaidia. Sikiliza maswali wanayoulizana wenyewe.

Kwenye saiti yangu ya kwanza, kijiji kimoja wilayani Chamwino, maswali yalikuwa yaleyale kutwa nzima. Hewa inarudi vizuri? Vumbi limebadilika rangi? Rodi hii imechukua dakika ngapi? Chenga zinatoka au zimeanza kubaki chini? (Rodi ni bomba la chuma linaloshusha nyundo; chenga ni vipande vya mwamba vinavyosukumwa juu na hewa.) Hakuna aliyetamka neno "kihatarishi". Hilo ni neno la ripoti, na lina kazi yake kwenye ripoti. Ukiliweka juu ya kitufe, fundi atapita kama hajaliona.

Angalia pia mikono. Kwenye rigi ile rodi ilikuwa ya mita 3. Rodi ikiisha, mtambo unasimama kidogo ili waongeze nyingine. Dakika hizo chache ndizo utakazopewa wewe mwenye programu. Muda mwingine macho yako kwenye mdomo wa shimo, mkono uko kwenye wenzo, na kuna kelele, vumbi na povu. Nilimpa mzee anayeendesha rigi kishikwambi changu chenye fomu ya kurasa nne. Akaitazama, akanirudishia.

"Mwanangu, mimi hapa nimeshika rodi, wewe unataka niandike insha?"

Hatua ya 2: Andika kila hatari kama dalili, tukio na hasara

Rejista nyingi za vihatarishi zimejaa maneno kama "kuharibika kwa mitambo" au "changamoto za kijiolojia". Mtu hawezi kuchukua hatua juu ya maneno hayo. Andika hivi: hewa inayorudi imepungua na chenga hazitoki (dalili), nyundo inaweza kunasa (tukio), tunapoteza nyundo, rodi na pengine shimo lenyewe (hasara). Dalili itangulie, kwa sababu ndiyo pekee inayoonekana pale saiti.

Kaa na injinia mmoja na fundi mmoja, pamoja, mwandike hatari zenu zote kwa mtindo huo. Wakikosa dalili ya hatari fulani, iondoe kwenye skrini ya saiti. Iache kwenye rejista ya ofisini, ikasomwe na wenye muda.

Hatua ya 3: Ondoa lile jedwali kwenye skrini ya kwanza

Nalijua jedwali unalotaka kulichora: safu tano za uwezekano, safu tano za madhara, unazidisha, unapata rangi. Tatizo ni kwamba namba hizo ni vyeo tu, si vipimo, na kuzidisha vyeo kunapotosha. Usumbufu mdogo wa kila siku unapata 5 × 1. Bomba la hewa ya shinikizo kubwa kupasuka karibu na watu, tukio la nadra linaloweza kuua, linapata 1 × 5. Yote mawili ni 5, kwa hiyo yanapata rangi moja. Nani atakubali kwamba ni sawa?

Halafu kuna tabia ya binadamu. Nilipofungua data ya toleo lile la kwanza, karibu kila mstari ulikuwa 3 × 3. Ukichagua katikati huulizwi na mtu.

Ofisi ikilitaka jedwali, iachie ukurasa wake. Saitini weka hali tatu: ENDELEA, PUNGUZA MWENDO, SIMAMA. Mipaka ya kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine iwekwe na injinia mwenyewe kabla ya kuanza shimo, kwa kufuata taarifa ya upimaji wa eneo hilo. Programu isijifanye mtaalamu wa mwamba. Kazi yake ni kukumbusha kile walichokubaliana asubuhi wakiwa na akili tulivu.

Hatua ya 4: Chora shimo wima

Hapa ndipo nilipokosea zaidi, nikasahihishwa kwa sekunde tatu. Nilichora muda ukienda kutoka kushoto kwenda kulia, kama grafu yoyote. Nikaitandika manila juu ya boneti ya gari. Yule mzee akaigeuza ikasimama, akaweka kidole juu, akakishusha polepole. "Sisi tunakwenda chini."

Kwa hiyo mhimili mkuu ni kina, sifuri juu. Gawa skrini mistari mitatu ya wima. Kushoto weka tabaka tulizotegemea kwa mujibu wa upimaji. Katikati weka kilichotoka kweli, mita kwa mita. Kulia weka hatari za kina hicho tu. Shimo likiwa mita 12, fundi hahitaji kusoma habari za mita 80. Anachohitaji ni kujua kama kuta zinaporomoka na kama kesingi ya muda, bomba la kuzuia kuta, iko tayari.

Kushoto huko unaweza kuweka pia taarifa za visima vya jirani, ila kila kipimo kiwe na tarehe yake, kwa herufi zinazosomeka. Kina cha maji kisicho na tarehe kinadanganya. Kule Makutupora, yalikotegemewa maji ya mji wa Dodoma kwa miongo mingi, vipimo vya tangu miaka ya 1950 vinaonyesha kwamba maji ya ardhini hayajazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98, kisha hushuka polepole kwa miaka. Kisima kilichopimwa baada ya msimu kama huo kitampa injinia matumaini ambayo mwaka wa ukame utayakana.

Hatua ya 5: Kitufe kimoja kifanye kazi ya fomu nzima

Ukiwa na muda wa kusoma hatua moja tu, soma hii.

Weka kitufe kikubwa: RODI IMEONGEZWA. Fundi akikigusa, kina kinaongezeka mita 3 chenyewe na saa inarekodiwa. Kutokana na miguso miwili unapata mwendo wa uchimbaji, baada ya kutoa muda mtambo uliposimama. Mita 3 kwa dakika 12 ni mita 15 kwa saa. Hakuna aliyeandika namba wala kufungua kibodi. Baada ya hapo skrini inauliza mambo mawili kwa picha: rangi ya chenga, na hewa inarudije. Miguso mitatu, rodi mpya imeshafungwa, wanaendelea.

Sasa tuseme rodi inayofuata imeshuka kwa dakika 4. Mwendo umeruka hadi mita 45 kwa saa. Programu iseme nini?

Mimi niliweka rangi nyekundu, kwa sababu mabadiliko ya ghafla ni hatari. Injinia akacheka. "Dada, hapo ndipo tunaposhangilia." Mwamba kulegea ghafla kunaweza kuwa mpasuko wenye maji, yaani kile tulichokifuata. Kunaweza pia kuwa tabaka bovu litakaloporomokea nyundo. Dalili ni moja, na inabeba habari njema na balaa kwa pamoja. Ukiipaka nyekundu unawafundisha watu kupuuza nyekundu. Ukiipaka kijani, siku moja utapoteza nyundo ya watu.

Suluhisho tulilofikia ni kwamba skrini haitoi hukumu. Inasema: "Mwendo umebadilika mita ya 48 hadi 51. Maji yameonekana? Chenga zinatoka zote?" Maji ndiyo na chenga ndiyo: ENDELEA. Chenga hapana: SIMAMA, safisha shimo kwa hewa kabla ya kuongeza rodi. Mseto mwingine wowote: PUNGUZA MWENDO, mwite injinia. Swali fupi lililokuja wakati wake lilitusaidia kuliko rangi yoyote niliyowahi kuchagua.

Hatua ya 6: Jua, vumbi na glovu

Mandhari meusi ya skrini yanapendeza usiku ukiwa kitandani. Saa saba mchana, Oktoba, Kongwa, yanageuka kioo cha kujitazamia uso. Tumia maandishi meusi juu ya nyeupe. Kanuni za kimataifa za ufikivu wa tovuti zinataka utofauti wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Wewe lenga 7 kwa 1 au zaidi. Rangi isibebe maana peke yake, kwani wapo wanaume wengi wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wengine hawajui kwamba hawatofautishi. SIMAMA iwe na neno, umbo la pembe nane na rangi.

Vipimo vya kawaida vya vitufe vya simu, takriban milimita 9, ni vya kidole kikavu kisicho na glovu. Mimi natumia sentimita 2. Glovu ya ngozi haiamshi skrini kabisa, kwa hiyo funga kalamu ya skrini kwa kamba kwenye kava. Jaribu mwenyewe: paka kidole povu na vumbi, simama juani, mtu akupigie kelele sikioni, kisha ujaze.

Hatua ya 7: Kengele chache

Mwongozo wa mifumo ya kengele uitwao EEMUA 191, unaotumiwa sana na viwanda vyenye vyumba vya udhibiti, unachukulia wastani wa kengele moja kwa dakika kumi kuwa kiwango anachoweza kukihimili mwendeshaji. Saiti ya kisima inahitaji pungufu ya hapo. Kipimo changu ni hiki: ikilia, kuna mtu anatakiwa kufanya kitu sasa hivi? Kama hakuna, iwe maandishi tu.

Aprili 20, 2010, mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka Ghuba ya Mexico na watu 11 wakafa. Fundi mmoja wa elektroniki alitoa ushahidi kwamba kengele kuu ilikuwa imewekwa isilie yenyewe, ili watu wasiamshwe usiku kwa tahadhari za uongo. Watu wakichoshwa na kengele huzizima, na mbunifu wa kengele ana sehemu yake katika uchovu huo. Kwenye programu yako ruhusu kunyamazisha, lakini kwa muda maalumu na kwa jina la aliyenyamazisha. Muda ukiisha, irudi.

Hatua ya 8: Kukabidhiana na kuhifadhi

Skrini ya makabidhiano iwe na mistari mitatu tu: kilichoachwa wazi, kilichonyamazishwa, aliyeamua. Kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, lililolipuka Julai 6, 1988, waliokufa ni 167. Pampu iliyoondolewa vali ya usalama iliwashwa na zamu ya usiku isiyojua kwamba vali haipo. Karatasi ya taarifa ilikuwepo, haikuwafikia.

Mtandao usiutegemee. Kila mguso uhifadhiwe kwanza kwenye kishikwambi, na skrini iseme wazi: "Imehifadhiwa hapa, bado haijatumwa." Watu wawili wakijaza tofauti kuhusu mita ileile, usifute ya yeyote, weka zote mbili na majina yao. Marekebisho yawe mstari mpya. Ukiruhusu kufuta, siku kisima kikileta ugomvi kumbukumbu zitakuwa safi kupita kiasi.

Na shimo likifika mwisho, skrini isifunge faili. Bado kuna jaribio la kupampu na majibu ya maabara. Chumvi na floraidi ni wageni wa kawaida ukanda huu, hasa kuelekea Singida, na Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kisima chenye maji mengi yasiyonyweka nacho ni hasara, kiwe na mstari wake.

Hatua ya 9: Pima kwa sekunde

Usigawe dodoso la "umeridhika kwa kiwango gani". Tengeneza hali tano za kubuni, mbili kati yake za kutatanisha, umpe fundi kishikwambi na umuulize: tuendelee au tusimame? Hesabu sekunde na uandike jibu. Zikizidi kumi, kosa ni la skrini.

Toleo la sita nilimpelekea mzee yule yule. Kabla sijahesabu hadi nne alikuwa ameshajibu, na kwa usahihi. Kisha akauliza kwa nini kitufe cha rodi kiko upande wa kulia, wakati mkono wake wa kulia muda wote uko kwenye wenzo. Nilikihamishia kushoto palepale, nimekaa juu ya rundo la rodi, wakisubiri.