Bata mwitu wakati wa mvua: subiri ikate

Mvua zimeanza, na wengi mmeniuliza namna ya kuwinda bata kwenye mbuga za Malagarasi wakati anga limefunga. Nawaeleza ninavyofanya mimi.

Kwanza leseni. Isome upya kabla ya kutoka: ndege gani, wangapi, eneo lipi. Malagarasi-Muyovozi ni ardhioevu ya Ramsar, yaani imo kwenye mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, tangu mwaka 2000, ya kwanza Tanzania, na korongo nyangumi anaishi humo. Ndege usiyemtambua kwa ajili ya ukungu, mwache apite.

Pili, mvua ikimwagika usihangaike. Bata wamejibanza kwenye mafunjo nawe huoni mbali. Fika mapema, jifiche, tulia. Ikikata tu, wanainuka kwenda kula kwenye maji mapya. Keti upepo ukiwa mgongoni, maana bata hutua akiukabili upepo. Atakujia amepunguza mwendo, miguu mbele. Chomeka fito hatua 35 kutoka ulipo. Aliye nje ya fito si wako.

Tatu, na hili nalisisitiza: usimpige ndege usiyeweza kumfikia. Jioni moja nilimwangusha bata bukini ndani ya mafunjo. Tulimtafuta mpaka giza, tukarudi alfajiri, tukakuta manyoya tu. Bado linaniuma. Siku hizi nangoja awe juu ya maji ya wazi, napiga mmoja, naweka alama ya mti kwa macho, na mwenzangu anasukuma mtumbwi kwa pondo kumfuata kabla sijamtazama mwingine. Kuingia majini kwa miguu hapana, kuna mamba na viboko.

Ngurumo ikisikika, tokeni majini. Katikati ya mbuga, mtu aliye mtumbwini ndiye mrefu kuliko vyote.

Ukiteleza, toa risasi kwanza, kisha chungulia mtutu. Tope likiuziba, mtutu unaweza kupasuka ukifyatua.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mzee. Gobore likigoma kwa unyevu, nifanyeje?
Marahaba. Baruti iliyolowa huweza kuchelewa kuwaka. Usiligeuze wala usichungulie. Elekeza mtutu pasipo mtu, ngoja dakika nzima au zaidi, kisha mpe fundi alitoe shehena. Na liwe limesajiliwa.

Nasikia unakataa marisau, yaani vipunje vya bunduki, ya madini ya risasi. Kwa nini?
Bata humeza vijiwe vya kumsaidia kusaga chakula kwenye firigisi. Hatofautishi kijiwe na risau lililozama topeni, na madini ya risasi yakisagika humo yanamtia sumu. Anakufa polepole ndege ambaye hakuna aliyemlenga. Tumia ya chuma, ila fundi athibitishe kwanza kwamba bunduki yako inayahimili. Nayo hupoteza nguvu upesi, kwa hiyo fito isogee hadi hatua 30.

Nyama yangu ilinuka kabla sijafika Uvinza, ilhali kulikuwa na baridi.
Ulimfunga kwenye mfuko wa plastiki akiwa bado na joto na manyoya mabichi. Mtoe matumbo palepale, mning'inize chini ya turubai upepo umpitie, umbebe kwenye kikapu.