Kabla ya Kuokota Kinyesi cha Twiga: Maandalizi ya Kutambua Nususpishi kwa DNA

Kwa miaka mingi twiga alihesabiwa kuwa spishi moja yenye nususpishi, yaani makundi madogo ndani ya spishi, kama tisa, zilizotofautishwa zaidi kwa madoa, pembe na mahali anapopatikana. Mwaka 2016 uchunguzi wa DNA ulipendekeza spishi nne, na mwaka 2025 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ikaukubali mgawanyo huo: twiga wa kaskazini, twiga mwenye madoa ya wavu, twiga wa Kimasai na twiga wa kusini. Kenya peke yake ina watatu kati yao. Kwa hiyo mamlaka inapopanga kupakia twiga kwenye lori na kuwapeleka hifadhi nyingine, kama Uganda ilivyowapeleka twiga wa hifadhi ya Maporomoko ya Murchison katika Hifadhi ya Ziwa Mburo mwaka 2015, ni lazima ijulikane mapema ni twiga gani wanaohamishwa na watakutana na twiga gani huko waendako. Aina mbili zikishachanganyika na kuzaliana, hakuna awezaye kuzitenganisha tena.

Jambo la kwanza ni kulikamilisha swali kabla ya kununua hata jozi moja ya glavu. Kuuliza kama mnyama huyu ni wa nususpishi fulani ni tofauti na kuuliza kama makundi mawili ya nususpishi hiyohiyo bado yanazaliana, na kila swali linataka sampuli zake. Kaskazini mwa Tanzania, twiga wa Kimasai wa upande wa Serengeti na wale wa upande wa Tarangire wanafanana machoni, lakini vinasaba vyao vimeonyesha kwamba kuta za Bonde la Ufa zimewatenga kwa muda mrefu sana. Mtu aliyekwenda kuthibitisha tu kwamba wote ni wa Kimasai angerudi na jibu sahihi, na mgawanyiko huo ungempita.

La pili ni kuhakikisha kuna cha kulinganisha nacho, kwani mfuatano wa DNA ukiwa peke yake haumtaji mnyama. Unahitaji mifuatano ya wanyama ambao asili yao haina shaka, yaani waliochukuliwa porini mahali panapojulikana. Mnyama wa bustani ya wanyama hafai kuwa kipimo ikiwa kumbukumbu za wazazi wake hazijakamilika. Ngozi na mifupa iliyohifadhiwa makumbusho husaidia kuliko wengi wanavyodhani: kwagga, mnyama wa kusini mwa Afrika aliyekwisha kutoweka, wa mwisho wao alikufa Amsterdam mwaka 1883, lakini DNA iliyotolewa katika ngozi ya zamani mwaka 1984 ilionyesha kwamba alikuwa ndugu wa karibu wa punda milia.

La tatu, amua mapema ni DNA ipi itakayosomwa. Ile ya mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, ni rahisi kuipata kwa sababu kila seli ina nakala nyingi, hata katika kinyesi kilichochakaa, lakini hurithiwa kwa mama peke yake. Wapo tembo wa savana waliobeba mitokondria ya tembo wa msituni, ilhali miili yao na DNA ya kiini cha seli ni ya savana. Kwa maoni yangu, uamuzi wa kuhamisha wanyama usitegemee mitokondria peke yake, hata bajeti iwe finyu kiasi gani.

Vibali huchukua muda mrefu kuliko kazi ya porini, na hapa ndipo safari nyingi hukwama. Tanzania utahitaji kibali cha utafiti kupitia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), pamoja na ruhusa ya wasimamizi wa eneo lenyewe; Kenya utapitia NACOSTI, tume ya sayansi na teknolojia ya huko, na taasisi za wanyamapori. Twiga aliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2019, kwa hiyo kipande cha ngozi hakivuki mpaka bila kibali. Kinyesi kilichookotwa bila kumgusa mnyama hakidhibitiwi na mkataba huo, lakini hilo lisimdanganye mtu: sheria za nchi kuhusu rasilimali za kijenetiki zinabaki palepale, na nchi inayopokea itadai kibali cha mifugo kwa hofu ya magonjwa kama ya miguu na midomo.

Uwandani, toka alfajiri. Kinyesi cha twiga ni punje zenye ukubwa wa tende ndogo, zilizochongoka upande mmoja na kubonyea upande wa pili. Punje mbichi ina ute mwembamba unaong'aa, na humo ndimo zilimo seli zilizobanduka kwenye ukuta wa utumbo. Jua la saa chache na mvua moja huziharibu. Kwangua tabaka la nje tu kwa kijiti safi, ulitumbukize katika mrija wenye ethanoli, kisha ubadilishe glavu kabla ya kugusa punje za mnyama mwingine. Andika lebo kwa penseli, kwa maana ethanoli ikivuja hufuta wino wa kalamu, na mrija usio na jina hauna thamani yoyote hata kama DNA yake ni safi. Ndani ya mrija weka karatasi nyingine yenye namba ileile. Daftarini andika namba hiyo, tarehe, saa na vipimo vya GPS. Askari wa wanyamapori anayejua makundi ya eneo lake alipwe kwa siku zake na asikilizwe, kwa kuwa ndiye atakayekuzuia kukusanya sampuli kumi za mnyama mmoja ukidhani ni kumi tofauti.

Ikiwa ngozi itahitajika, mshale wa kuchukulia kipande cha ngozi urushwe mbele ya daktari wa wanyamapori, naye awe na mamlaka ya kusitisha kazi.

Mwisho, kila sampuli igawanywe mirija miwili tangu siku ya kwanza: mmoja wa maabara itakayosoma DNA, na mwingine wa kubaki nchini katika friza yenye jenereta, pamoja na nakala ya daftari, ili atakayetaka kulipima upya jibu lako asilazimike kuomba sampuli za twiga wa nyumbani kutoka ng'ambo.