Saketi moja kutoka ubaoni hadi mezani: kufundisha elektroniki chuo kikuu

Mwanafunzi anaweza kukokotoa kikuza cha transista kwenye karatasi bila kosa hata moja, kisha akakaa maabara saa tatu asipate wimbi. Mara nyingi kisa ni kwamba nadharia na maabara zimefundishwa kama masomo mawili yasiyojuana: mhadhara una saketi yake, karatasi ya jaribio ina nyingine, na kati yake zimepita wiki tatu. Chagua saketi moja yenye thamani zilezile za vipuri, uifundishe ubaoni na kuijenga mezani ndani ya wiki hiyohiyo.

Kwa transista, kipuri chenye miguu mitatu (besi, emita na kolekta), saketi ya emita ya pamoja, ambamo wimbi huingia kwenye besi na kutoka kwenye kolekta, inatosha kubeba karibu kila kitu. Tumia 12 V, transista 2N3904, rezista ya 47 kΩ kutoka chanya hadi besi, 10 kΩ kutoka besi hadi ardhi, 3.3 kΩ kwenye kolekta na 1 kΩ kwenye emita. Kapasita ya kuingizia wimbi iwe 10 µF, na ile inayopita sambamba na rezista ya emita iwe 100 µF. Zote mbili zina upande chanya na hasi, kwa hiyo uchoro wako uonyeshe alama hizo. Wanafunzi huweka kile wanachokiona.

Kabla ya kuingia maabara, kila mmoja alete namba zake mwenyewe, hata kama watafanya kazi wawiliwawili. Besi itakuwa karibu 2.1 V, emita 1.4 V, mkondo wa kolekta 1.4 mA na kolekta karibu 7.4 V. Ukinzani wa ndani wa emita ni 26 mV (volteji ya joto ya transista kwenye joto la kawaida la chumba) gawanya kwa 1.4 mA, yaani kama 18.5 Ω, hivyo ukuzaji bila mzigo ni takriban mara 180. Ukitoa kapasita ya emita unashuka hadi kama mara 3. Asiye na namba hizi asiwashe umeme. Huo si ukali wa bure: asiyejua anatarajia nini hawezi kutambua kipimo kibovu, atakiandika tu kwenye daftari na kwenda nyumbani.

Mezani, DC kwanza, yaani volteji tulivu kabla ya wimbi kuingia. Weka kikomo cha mkondo cha chanzo cha umeme kwenye 20 mA, kiasi ambacho saketi hii haikifikii ikiwa sawa. Wanafunzi wapime volteji za besi, emita na kolekta, wakuonyeshe, ndipo waruhusiwe kuunganisha jenereta ya mawimbi. Mkondo wasiupime kwa multimita moja kwa moja. Wapime volteji juu ya rezista ya kolekta na kugawanya kwa 3.3 kΩ. Njia hii inaokoa fyuzi nyingi za multimita, kwani kosa la kuacha waya kwenye tundu la ampea kisha kupima volteji halina dawa nyingine.

Volteji zikitofautiana kwa asilimia chache, ni rezista za ±5% zinazoongea. Zikipotoka sana, angalia miguu ya transista. Upande bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, 2N3904 inasomeka emita, besi, kolekta, na BC547 inasomeka kolekta, besi, emita. Zikichanganyika kwenye kisanduku kimoja, transista iliyogeuzwa bado itapitisha mkondo kidogo na kukuza vibaya, jambo linalochanganya kuliko saketi iliyokufa kabisa. Angalia pia njia za umeme za pembeni mwa bredibodi (ubao wa matundu wa kujengea saketi bila kulehemu): kwenye baadhi zimekatika katikati.

Kwa AC, yaani wimbi lenyewe, kikuza cha mara 180 kinataka wimbi dogo sana. Gawanya wimbi la jenereta kwa 10 kΩ na 100 Ω, ili kilele cha 0.5 V kishuke hadi kama 5 mV, kwa 1 kHz. Wimbi hilo dogo wasilipime moja kwa moja, litazama kwenye kelele. Wapime kabla ya kigawanyi na kugawanya kwa 101. Wakiongeza kilele hadi 20 mV, wataona upande wa juu wa wimbi la kolekta umekuwa butu na wa chini umechongoka. Waache walitazame. Ule mlingano wa eksponenti wa mkondo wa transista uliowachosha darasani sasa uko kwenye skrini.

Makosa mawili ya vipimo yatajitokeza kila muhula. Jenereta ikiwa imepangwa kwa mzigo wa 50 Ω, oskiloskopu (chombo kinachochora wimbi kwenye skrini) itaonyesha mara mbili ya kilichoandikwa. Na probu (waya wa kupimia) ya ×10, inayogawanya volteji kwa kumi, isiyotangazwa kwenye oskiloskopu itapunguza kila kitu mara kumi.

Lakini kosa la kufundisha kwa makusudi ni la klipu ya ardhi ya probu. Mwanafunzi anataka volteji kati ya kolekta na emita, anabana klipu kwenye emita na ncha kwenye kolekta. Klipu imeungwa na ardhi ya jengo, na saketi nayo imeungwa huko kupitia jenereta. Rezista ya emita imefungwa kwa njia ya mkato, transista inajaa (inapitisha mkondo wote ambao saketi inaweza kuutoa), na kolekta inaanguka hadi 0.1 au 0.2 V. Atasema transista imeungua. Mwonyeshe kutumia chaneli mbili, klipu zote kwenye ardhi, kisha kutoa moja kwa nyingine.

Mtihani wa maabara uwe wa kutafuta hitilafu badala ya ripoti ndefu inayonakilika. Andaa bodi za saketi hiihii zenye kasoro moja moja. Rezista ya 10 kΩ kutoka besi hadi ardhi ikiwa wazi (imekatika), emita na kolekta zote hukaa karibu 3 V. Ya 47 kΩ ikiwa wazi, besi ni sifuri na kolekta 12 V. Kapasita ya emita ikikatika, DC haibadiliki lakini ukuzaji unabaki kama 3. Ya kuingizia ikikatika, DC iko sawa na wimbi halitoki. Mpe kila mmoja dakika 20 na multimita, oskiloskopu na uchoro, aandike kila kipimo na anachokidhania kabla ya kugusa kipuri. Alama nyingi ziende kwenye mfuatano huo wa vipimo, na anayeng'oa vipuri kimoja kimoja hadi saketi ifanye kazi apate chache.