Jinsi ya Kulinganisha na Kuchagua Darubini ya Bunduki

Anayenunua darubini ya bunduki kwa mara ya kwanza huuliza kabla ya yote inakuza mara ngapi. Swali hilo lina nafasi yake, lakini si la kwanza wala la pili. Ukuzaji mkubwa huwekwa kwa urahisi hata kwenye kifaa cha bei ya chini. Kilicho kigumu kutengeneza, na ndicho mnunuzi anachokilipia, ni kioo kinachoonyesha shabaha kwa uwazi mwanga unapokuwa hafifu, pamoja na mitambo ya ndani isiyohama baada ya bunduki kufyatua mamia ya risasi. Mwongozo huu unawahusu wawindaji wenye vibali na walengaji wa michezo, nami nawasihi waanze na mambo hayo mawili, kisha namba zifuate.

Kabla ya kulinganisha chochote, amua utapiga nini, kwa umbali gani, na saa ngapi za siku. Mwindaji wa kwenye vichaka, ambaye mnyama humtokea kwa mita 50 na kupotea baada ya sekunde chache, anahitaji upana wa kuona kuliko anavyohitaji kukuza. Darubini inayokuza mara 3 kwa kawaida huonyesha eneo lenye upana wa takriban mita 10 kwa umbali wa mita 100. Ikikuza mara 9, upana huo hupungua hadi kama mita 4, na kwa umbali wa mita 50 unakuwa nusu ya hapo. Mnyama anayetembea hapatikani upesi ndani ya nafasi finyu kiasi hicho. Kwa mazingira ya namna hiyo kipimo cha 1-4 au 1-6, yaani cha kukuza kuanzia mara 1 hadi mara 4 au 6, kinatosha, na anayewinda penye uwanda ulio wazi atafaidika na 3-9 au 2-10. Anayelenga karatasi kwa mita 300 na zaidi ndiye hasa anayehitaji mara 16 au 24, na hata yeye hulazimika kupunguza wakati wa jua kali, kwa sababu darubini hukuza pia mawimbi ya hewa moto yanayopanda kutoka ardhini, hata shabaha ikaonekana kuchezacheza.

Maandishi kama 3-9x40 yana maana rahisi: darubini inakuza kuanzia mara 3 hadi mara 9, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 40. Kutokana na namba hizo unaweza kupiga hesabu moja yenye faida kubwa, ambayo wanunuzi wengi huikosa. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, nawe utapata kipenyo cha duara la mwanga linalotoka nyuma na kuingia jichoni. Kwa mara 9, lenzi ya milimita 40 hutoa duara la milimita 4.4, ukishusha hadi mara 5, duara hufikia milimita 8. Mchana wa jua mboni ya jicho hujibana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo karibu darubini yoyote itaonekana angavu. Jioni mboni hupanuka, na kwa kijana hufika hadi milimita 7 hivi, ingawa upanuzi huo hupungua kadiri umri unavyosonga. Darubini ya 6-24x50 ikiwekwa kwenye mara 24 hutoa duara la milimita 2 tu, na jua likishatua picha yake huwa giza kwa jicho lolote. Ndiyo maana mwindaji mzoefu hupunguza ukuzaji mwanga unapofifia. Duara dogo lina udhia mwingine pia: kichwa kikisogea kidogo tu, picha hutoweka, na sharti uutafute tena mkao wa jicho wakati mnyama hasubiri.

Wengine hukimbilia lenzi ya milimita 56 wakidhani ndiyo dawa ya kila giza. Ni kweli kwamba hupitisha mwanga zaidi, lakini huongeza uzito na huhitaji pete ndefu, yaani vishikizo vinavyoifunga darubini kwenye bunduki, ili isiguse mtutu. Hapo shavu huinuka kutoka kwenye kitako, na shavu lisilotulia huharibu ulengaji kuliko mwanga uliokosekana. Kwa shughuli nyingi milimita 40 hadi 44 ni kipimo chema. Kipenyo cha bomba, yaani mwili wa darubini, ambacho huwa milimita 25.4, 30 au 34, nacho husifiwa kwa mwanga, hali faida yake kubwa ni nafasi zaidi ya kurekebisha juu na chini kwa wapigao mbali.

Ubora wa kioo hausomeki kwenye sanduku. Uso mmoja wa kioo kisichofunikwa hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaoupiga, na kwa kuwa ndani ya darubini kuna lenzi kadhaa, nyuso 10 zisizofunikwa zingepoteza karibu theluthi moja ya mwanga wote. Tatizo hilo lilipata tiba mwaka 1935, pale mwanafizikia Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alipobuni tabaka jembamba la kuzuia mwanga usirudishwe na lenzi. Leo karibu kila darubini hudai kuwa na tabaka hizo. Uliza kama nyuso zote za lenzi zote zimefunikwa kwa tabaka nyingi, maana neno “imefunikwa” likiwa peke yake laweza kuhusu uso mmoja tu.

Njia ya kuaminika ni kuzitazama darubini mbili kando kwa kando. Kwanza tengeneza kila moja ilingane na jicho lako: ielekeze kwenye ukuta mweupe au anga, mbali kabisa na jua, tazama kwa sekunde moja au mbili, toa jicho, zungusha lenzi ya nyuma kidogo, kisha tazama tena, hadi msalaba wa kulengea uonekane mkali papo hapo. Usikodoe macho kwa muda mrefu, kwa kuwa jicho litajirekebisha lenyewe na kukudanganya. Ziweke zote mbili kwenye ukuzaji uleule, tuseme mara 6. Sasa tazama penye kivuli kizito, kama chini ya gari lililoegeshwa au chini ya mapaa, utafute vitu vidogo: maandishi, nyufa, majani. Tazama pia ukingo wa kitu cheusi kilicho mbele ya anga jeupe. Utepe wa rangi ya zambarau au kijani kwenye ukingo huo ni dalili ya kioo hafifu. Angalia kama picha ni kali hadi pembeni au katikati tu. Taa za dukani huzifanya darubini zote zionekane nzuri, kwa hiyo omba kutoka nje, na ikiwezekana rudi jua linapokaribia kutua, kwani dakika 15 za wakati huo hufichua mengi kuliko saa nzima ya adhuhuri.

Umbali kati ya jicho na lenzi ya nyuma ni suala la usalama. Bunduki yenye nguvu inaporudi nyuma, darubini iliyo karibu mno hupasua ngozi juu ya nyusi. Tafuta sentimita 9 au zaidi kwa bunduki kubwa, na ujue kwamba kwenye darubini nyingi umbali huo hupungua ukuzaji unapoongezwa. Ili kuupima, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, yaani sehemu inamokaa risasi, ni tupu, fumba macho, weka bunduki begani kama ulivyozoea, kisha fumbua. Picha kamili ionekane bila wewe kunyoosha wala kurudisha shingo. Rudia kwenye ukuzaji wa juu kabisa.

Vifundo vya kurekebisha mahali risasi inapopiga huzungushwa kwa hatua ndogo ziitwazo kliki, na hutumia vipimo vya pembe vya aina mbili. Dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii, ni takriban sentimita 2.9 kwa mita 100, hivyo kliki ya robo dakika huhamisha pigo la risasi kwa milimita 7 hivi. Miliradiani moja ni sentimita 10 kwa mita 100, na kliki yake ya sehemu ya kumi ni sentimita 1 kamili. Kwa aliyezoea mita, miliradiani humrahisishia hesabu, ingawa hakuna mfumo unaolenga vizuri kuliko mwenzake. Jambo la kukataa ni darubini yenye msalaba wa mfumo mmoja na vifundo vya mfumo mwingine.

Msalaba ukiwa mbele ya lenzi za kukuzia, huonekana kukua na kupungua pamoja na picha, na alama zake za umbali hubaki sahihi kwenye kila ukuzaji. Ukiwa nyuma, ukubwa wake haubadiliki, lakini alama zake huwa sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu. Mwindaji wa umbali wa kawaida ahitaji msalaba wa nyuma tu, tena wenye mistari minene pembeni na myembamba katikati, kwa kuwa msalaba wa mbele hugeuka uzi usioonekana anaposhusha ukuzaji porini.

Paralaksi ni ile hali ya msalaba kuonekana ukihama juu ya shabaha unaposogeza jicho ilhali bunduki imetulia. Darubini nyingi za uwindaji hutengenezwa kiwandani zisiwe na kosa hilo kwenye takriban mita 100, na zile za bunduki za .22, yaani zenye risasi ndogo, kwenye mita 50 hivi. Kwa ukuzaji wa zaidi ya mara 10, nunua yenye kifundo cha kurekebisha paralaksi. Wenye bunduki za upepo za springi wawe waangalifu zaidi: bunduki hizo hurudi nyuma kisha hushtuka kwenda mbele, na mshtuko huo wa pili huvunja hata darubini zilizostahimili bunduki kubwa za baruti. Mtengenezaji awe ametamka wazi kwamba darubini inafaa bunduki za upepo.

Tenga sehemu ya fedha zako kwa pete na reli ya kuzifungia juu ya bunduki, kwani pete dhaifu huifanya darubini bora ionekane mbovu. Skrubu zikazwe kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu ya kukazia, kwa kiasi alichotaja mtengenezaji, maana kuzidisha hulibonyeza bomba. Nunua pia darubini ya mkononi ya kutazamia, kwa sababu kuchunguza kitu kwa darubini iliyofungwa kwenye bunduki ni kumwelekezea mtutu mtu au mnyama usiyemtambua bado.

Jaribio la mwisho hufanywa kwenye uwanja wa kulengea ulioruhusiwa, ukiwa na karatasi kubwa kwa mita 100 na bunduki imeegemezwa vizuri. Piga risasi 3 ukilenga alama ya katikati. Zungusha kliki 20 juu, upige 3 ukilenga alama ileile; kliki 20 kulia, 3 tena; kliki 20 chini, 3 tena; kisha kliki 20 kushoto, na 3 za mwisho. Vikundi vitachora mraba, ambao kwa kliki za sehemu ya kumi ya miliradiani utakuwa na pande za sentimita 20 hivi, na kikundi cha mwisho kinapaswa kuangukia juu ya kile cha kwanza. Kikikosa kurudi, kaza pete na urudie. Kikikosa tena, irudishe darubini kwa muuzaji ndani ya muda wa dhamana, hata kama kioo chake kimekupendeza.