Somo la ngozi kwa waanika dagaa wa Kibirizi, Kigoma

Dada zangu, pandisheni kwanza mkono wa nguo hadi begani. Tazameni ngozi ya ndani, karibu na kwapa, kisha mgongo wa kiganja. Umri wake ni mmoja, lakini ya ndani bado laini na ya nje ina mikunjo na madoa. Iliyoleta tofauti hiyo ni jua.

Jua lina miale ya aina mbili isiyoonekana kwa macho, UVB na UVA. UVB hubabua ngozi juu juu. UVA huzama chini na kukata nyuzi za kolajeni zinazoikaza ngozi, tena hupita mawinguni na kwenye kioo cha gari. Weusi wetu ni kinga ya kweli, ndiyo maana mikunjo hutuchelewea. Madoa hayachelewi.

Hatua ya kwanza ni kuijua saa. Mmezoea kusikia jua kali ni la saa sita. Saa ya Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi Kigoma tuko karibu na 30, hivyo jua hutufika utosini kama saa saba mchana. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, ondoka juani. Geuzeni dagaa kabla ya saa nne, mrudi saa kumi. Najua mvua ikinyemelea dagaa hawasubiri, nami nimewaanika. Basi fungeni turubai mpumzike chini yake kila mkimaliza kugeuza.

Hatua ya pili, nguo. Inua kitenge kuelekea juani: mwanga ukipenya, miale nayo inapenya, kikunje mara mbili. Kofia iwe ya ukingo mpana, ifunike masikio na shingo.

Hatua ya tatu, mafuta ya kukinga jua: yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, yanayozuia UVA na UVB. Kamulia mistari miwili, kwenye kidole cha shahada na cha kati. Hiyo ni ya uso na shingo. Rudia kila baada ya saa mbili, na kila ukijifuta jasho. Katika utafiti wa Australia uliotolewa 2013, waliopaka kila siku kwa miaka minne na nusu ngozi zao zilizeeka kwa asilimia 24 pungufu ya waliopaka walipojisikia.

Hatua ya nne, tiba. Krimu ya retinoidi, dawa ya jamii ya vitamini A, hupunguza mikunjo na madoa: kiasi cha punje ya njegere, usiku, kwa miezi kadhaa. Mwulize daktari kwanza. Mjamzito asiiguse.

Maswali ya wanakikundi

Mwalimu, mafuta ya nazi hayatoshi?
Hayatoshi. Yanalainisha ngozi, jua hayalizuii.

Hiyo SPF ni ghali, dada.
Ni ghali kweli. Anza na kofia, kitenge na turubai. Ukipata kachupa, kawe ka uso na shingo.

Mkorogo wa kujichubua ulinitoa madoa, mbona unakatazwa?
Ulikutoa madoa pamoja na ile kinga yako nyeusi, ukakurudisha juani bila ngao. Mara nyingi huwa na zebaki inayoharibu figo, au steroidi zinazoifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Ndiyo maana mashavu huwaka ukisogelea tu jiko. Usipake tena, nenda kliniki ya ngozi.

Mwanangu ana ualbino, naye afuate haya?
Afuate hatua tatu za kwanza, kila siku, tangu uchanga, maana kwake hatari ni saratani. Kule Moshi hutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya wenye ualbino. Ulizia hospitalini namna ya kuyapata. Mkague masikio, midomo na shingo kila Jumapili mkioga. Ukikuta kidonda kilichomaliza mwezi bila kupona, mpeleke kesho yake.