Skizofrenia nyumbani: namna ya kuhakikisha dawa haikatiki

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini mambo yasiyo ya kweli. Mgonjwa akishatulia, ndugu huona amepona na dawa huachwa. Ugonjwa haurudi kesho yake. Huchukua wiki, hata miezi, na ukirudi hakuna anayekumbuka vidonge; lawama humwendea jirani, au majini.

Mtu mmoja ashike dawa na kuzifungia. Atoe dozi ya siku hiyo tu, mgonjwa ameze mbele yake kwa maji, kisha wapige soga kidogo, kwa sababu wapo wanaoficha kidonge chini ya ulimi. Dawa mpya ichukuliwe wiki moja kabla ya ile ya nyumbani kuisha. Akisumbua kumeza kila siku, ulizieni kliniki sindano ya flufenazini, ambayo wengi huijua kwa jina la Modecate. Huchomwa kwenye msuli kila baada ya wiki 2 hadi 4.

Anayekataa dawa mara nyingi si mkaidi. Dawa yenyewe inamtesa. Haloperidoli, mojawapo ya dawa za ugonjwa huu, hasa siku za mwanzo, inaweza kupinda shingo, kukaza ulimi na kugeuza macho juu. Watu husema pepo limepanda, kumbe ni dawa, na hospitalini hali hiyo hutulizwa upesi. Wengine hushindwa kukaa kitako, wanazunguka uani kutwa. Hapo ndipo familia hukosea: hudhani ugonjwa umezidi, dozi inaongezwa, naye anazidi kuhangaika. Mwambieni daktari hali ilianza lini na baada ya dawa ipi. Homa kali ikija pamoja na mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa, msimpe dozi nyingine. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Dalili za kurudi kwa ugonjwa hutangulia, na kwa kila mgonjwa huwa karibu zilezile: kukesha siku 2 au 3, kuacha kuoga, kucheka peke yake, kukataa chakula cha mtu fulani. Ziandikeni kwenye daftari lake la kliniki. Mkiziona, msisubiri tarehe.

Akisema redio inamtaja, usibishane naye, wala usimkubalie. Mwambie, "Mdogo wangu, mimi sisikii hivyo, ila naona umeogopa. Tuizime?" Sauti zikimwamuru ajiue au amdhuru mtu, ondoeni panga, kamba na sumu ya panya, asiachwe peke yake, na aonwe na daktari siku hiyohiyo. Minyororo humchubua tu, haitibu.

Bangi na mirungi huchochea ugonjwa. Masimango nayo hivyo hivyo: "mvivu wewe, unakula bure." Mpeni kazi moja ndogo kila siku, kama kuchota maji au kulisha kuku, na ikimshinda leo iacheni hadi kesho. Anayemtunza naye apangiwe zamu, apate walau usiku mmoja kwa wiki wa kulala bila kuamshwa.